Viatu Vyangu Viliuzwa kwa Euro Moja na Nusu

Katika kundi letu la taarabu mimi ndiye mpiga ud, kile chombo cha nyuzi chenye tumbo la mviringo, na kwa kuwa nilikuwa nimekwishafika Ulaya mara mbili kabla ya safari hii, nilijitwalia cheo cha mjuzi wa mambo ya huko bila ya kupigiwa kura na mtu yeyote. Wenzangu saba hawakunipinga. Si kwamba waliniamini. Ni kwamba mjuzi ndiye anayejaza fomu za wote uwanja wa ndege, na ndiye anayesukumwa mbele mambo yanapoharibika. Nayaeleza haya mapema ili ijulikane kwamba katika kisa hiki sina wa kumlaumu, ingawa nilijitahidi kumtafuta.

Tulialikwa na watu wa kijiji kimoja kilicho mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka mji wa Moissac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambao kila mwaka hutenga siku mbili za kupiga muziki wa zama za kati ndani ya majengo ya zama hizo hizo. Huenda msomaji akauliza taarabu ya Unguja inahusiana vipi na jambo hilo, na mimi pia niliuliza, ila niliuliza kimoyomoyo ili tiketi isije ikafutwa. Jibu walikuwa nalo. Chombo ninachokipiga mimi, ambacho Waarabu wanakiita al-ud, kiliingia Ulaya kupitia Hispania ya Waislamu, na Wafaransa walipolimeza jina hilo pamoja na kipande cha ile al yake, likatoka luth. Rababu ikawa rebec. Nakara, zile ngoma ndogo mbili mbili, zikawa nacaires. Zaidi ya hayo, malenga wa kusini mwa Ufaransa waliotunga mashairi ya mapenzi kwa Kioksitani katika karne ya 12 na ya 13 wanaitwa troubadours, na wapo wataalamu waliodai kwamba jina hilo linatokana na neno la Kiarabu tarab, lile lile lililotupa sisi taarabu. Wataalamu walio wengi hawakubali, na wanasema asili yake ni kitenzi cha Kioksitani trobar, yaani kutafuta na kutunga. Sisi tulilijadili suala hilo katika chumba chetu cha mazoezi tukaamua, kwa kura nane bila ya kupingwa, kwamba wale wachache ndio wenye haki.

Kiongozi wetu ni mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, mzee wa miaka 71 ambaye sote tunamwita Maalim, mtu wa maneno machache na yote yanauma. Mwimbaji wetu tunamwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Mpiga besi ni fundi mwashi ambaye siku za kazi hukarabati nyumba za Mji Mkongwe, na wapo pia ndugu wawili wa fidla, mpiga kodiani, na kijana wa ngoma ya dumbaki ambaye raba zake zina sehemu yao katika kisa hiki. Waandalizi walitupatia mkalimani, binti wa Kingazija aliyezaliwa Marseille, mji wenye Wangazija wengi sana. Kiswahili alikuwa amekipata kwa bibi yake, kwa hivyo alizungumza nasi kama ajuza wa miaka themanini, akitupa pole kwa kila hatua na kuwaita ndugu wa fidla, waliomzidi yeye miaka ishirini, “wajukuu zangu”.

Jumamosi tulipelekwa Moissac kulitazama kanisa la abasia ya zamani, yaani makao ya watawa. Pana mlango pale, uliochongwa mwanzoni mwa karne ya 12, ambao mwanamuziki akisimama mbele yake huona kama ameonyeshwa picha ya babu zake asiowajua. Juu ya mlango, katika nusu duara kubwa ya jiwe, Kristo ameketi katikati, na wamemzunguka wale wazee 24 wa Kitabu cha Ufunuo wakiwa na mataji vichwani, vikombe na vyombo vya nyuzi mikononi, wamepinda shingo kumwangalia. Mimi nilikuwa nikihesabu nyuzi za vile vyombo. Shangazi alikuwa akistaajabia mikunjo ya nguo, ambayo alisema hakuna fundi cherehani wa siku hizi anayeiweza. Maalim, ambaye ameongoza makundi ya taarabu kwa miaka arobaini, alisimama muda mrefu, mikono nyuma.

“Wazee ishirini na wanne,” akasema hatimaye, “vyombo vyao wanavyo, na hapigi hata mmoja.”

Nikamwambia huenda wanangoja ishara.

“Wanangoja posho,” akasema Maalim, akaingia ndani.

Ndani kuna ua wa watawa uliozungukwa na baraza yenye nguzo, na jiwe moja lenye maandishi linataja mwaka wa 1100 kuwa ndio uliokamilishwa. Vichwa vya nguzo ni 76, vyote vimechongwa visa au majani au wanyama, na ukivifuata kimoja kimoja unajikuta umezunguka ua mzima bila ya kukumbuka kula. Reli ilipopitishwa hapo katika miaka ya 1850 ukumbi wa chakula wa watawa ulibomolewa, na ua wenyewe ulinusurika kidogo tu; treni bado inapita kando yake, na ilipopita fundi wetu wa besi aliweka kiganja ukutani kuona kama jiwe linatetemeka. Kisha akafanya jambo lililomtia kiwewe mlinzi: alilowesha kidole mate, akakisugua kwenye chokaa iliyo kati ya mawe mawili, akakionja. Nilimweleza mlinzi kwa Kifaransa changu kwamba huyu ni daktari wa kuta. Baadaye binti wa Kingazija aliniambia kwamba nilichosema ni kwamba huyu anaumwa na kuta.

Ishara zilikuwapo, basi. Sikuziona.

Jioni ile, kijijini, tulikaa na wenyeji wetu katika ghala la zamani, ud yangu ikalazwa mezani karibu na luth ya bwana mmoja mwenye ndevu. Matumbo ya vyombo vile viwili yalikuwa yale yale, ya vipande vyembamba vya mbao vilivyobandikwa ubavu kwa ubavu kama mashua iliyopinduliwa, ila shingo ya kwake ilifungwa mikanda ya utumbo kuonyesha vidole vikae wapi, na ya kwangu ilikuwa tupu, kila mtu na sikio lake. Yule bwana alipiga kwa unyoya wa bata bukini, kama ilivyokuwa desturi ya zamani kabla ya wapiga luth kuhamia kwenye vidole vitupu. Nikamweleza kwamba sisi bado tunaita kipigio risha, na risha kwa Kiarabu ni unyoya. Akafurahi mno akaomba aione risha yangu. Nilisita, kisha nikaitoa. Nilikuwa nimeikata mwenyewe kutoka kwenye chupa ya shampuu, na herufi tatu za jina la shampuu hiyo bado zilikuwa zikisomeka.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya onyesho, saa kumi na moja jioni, ndani ya kanisa la kijiji. Tulifika asubuhi kufanya mazoezi. Kanisa lile ni dogo, nene, la mawe ya rangi ya mchanga, na uwanja uliopo mbele yake ulikuwa umejaa watu waliokuwa wakipanga meza na kutandaza mashuka chini. Binti alitueleza kwamba ni siku ya vide-grenier, ambayo kila kaya hutoa makorokoro yaliyorundikwa darini na kuyauza kwa bei ya kutupa, kisha akaondoka kututafutia mikate. Mimi nilijibu kwamba naifahamu desturi hiyo. Sikuwa nikiifahamu.

Mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: PRIÈRE DE FERMER LA PORTE. Wenzangu walinitazama. Neno la kwanza nililijua barabara, kwani katika safari yangu ya pili nililikuta kwenye mlango wa chumba cha kusalia: prière, sala. La mwisho nililijua pia: porte, mlango. Fermer sikulijua, lakini mjuzi hashindwi na neno moja la katikati.

“Sala inaanzia mlangoni,” nikasema. “Maana yake tuvue viatu.”

Fundi alisema kwamba kule Moissac hakuna aliyevua. Nikamjibu kwamba kule ni mahali pa watalii, hapa ni pa ibada, na nikamkumbusha kwamba Nabii Musa aliamrishwa avue viatu hata penyewe palikuwa porini, hapana mlango wala karatasi. Hoja ya Nabii Musa haijibiki kirahisi. Maalim, ambaye viatu vyake ni makubadhi ya ngozi aliyoshonewa kwa mkono na fundi wa mtaa wa Ng'ambo kule Unguja, hakutaka yakae mavumbini, kwa hivyo akafungua mzigo akatoa mkeka wa ukindu wa Pemba, wenye ukili mwekundu na wa kijani, aliokuja nao ili autoe zawadi mwisho wa safari. Akautandika kando ya mlango. Tukapanga juu yake jozi nane za viatu kwa mstari ulionyooka, visigino ukutani, vidole uwanjani, kila jozi ikiwa na nafasi yake, tukaingia. Naomba msomaji aitazame picha hiyo vizuri: uwanja uliojaa watu waliotandaza vitu chini, na katikati yao mkeka mzuri wa rangi, umepangwa jozi nane za viatu, bila ya mwenyewe.

Mazoezi yenyewe yalianza kwa fedheha ya namna nyingine. Dari la kanisa lile ni la mawe, limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, na fundi alitueleza, akiwa ameshika kiuno, kwamba dari la namna hiyo husukuma kuta kwa nje mchana na usiku, ndiyo maana waliojenga wakazifanya nene na kuzitoboa madirisha madogo. Kwetu Mji Mkongwe upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu; hawa hawakuwa na boriti wakaamua kupandisha mawe hewani na kuomba dua. Sote tukatikisa vichwa kwa heshima. Kisha kijana wa dumbaki akapiga pigo moja. Pigo lile lilikwenda hadi madhabahuni, likazunguka, likarudi, likapishana njiani na pigo la pili, na ilipofika hatua ya tano palikuwa hapana tena mdundo, palikuwa na uji. Mpiga kodiani alizidisha kasi ili autoroke mwangwi, na mwangwi ukamfukuza. Maalim akainua mkono, akanyamaza mpaka jengo nalo liliponyamaza, jambo lililochukua muda, halafu akaanza upya kwa nusu ya mwendo, akiiacha kila sauti imalize safari yake ndipo aitume nyingine. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini nyimbo za watawa zilikuwa za sauti moja na za polepole: walikuwa wakiimba pamoja na jengo, na jengo haliharakishwi. Tulipiga hivyo kwa saa mbili na nusu, na nakiri kwamba zilikuwa saa nzuri kuliko zote za safari ile.

Zilikatizwa na mama mmoja mwenye ufunguo mkubwa kiunoni, aliyeingia akasimama katikati ya kanisa, akanyosha kidole mlangoni, akakinyosha juu darini, akatunyooshea sisi, akasema maneno mengi kwa sauti ambayo dari lilimsaidia kuirudia. Binti hakuwa amerudi. Wenzangu wakanigeukia.

“Anasema,” nikatafsiri, “tangu tulipoingia mlangoni, aliye juu ametuona, na amefurahi.”

Shangazi akamwinamia yule mama kwa unyenyekevu, mkono kifuani. Yule mama akakasirika zaidi. Binti alipotokea na mikate kwapani, alisikiliza kidogo, akasema kwa Kiswahili chake cha bibi yake: “Eee, wajukuu zangu, poleni. Huyu mama asema mmeacha mlango wazi na njiwa watatu wameingia, nao wako juu ya boriti ya kengele, na huwachukua siku mbili kuwatoa. Asema karatasi mlangoni yaeleza wazi: tafadhali funga mlango.”

Kumbe prière ni sala, lakini prière de ni tafadhali. Nilikuwa ningali nikiitafakari sarufi hiyo wakati kijana wa dumbaki, aliyekwenda kuufunga huo mlango, aliporudi akiwa na uso wa mtu aliyeona jini.

“Kaka,” akaniambia, “viatu havipo. Zimebaki raba zangu tu.”

Tulitoka nje. Raba zilikuwa chini, juu ya jiwe, peke yao. Mkeka nao haukuwapo.

Kwenye meza ya jirani aliketi bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, muuza vikombe, ambaye alipotuona aliinuka na uso uliojaa furaha, akampa Maalim bahasha kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na euro 44 na senti 50, pamoja na karatasi ya hesabu iliyoandikwa kwa mwandiko safi. Alieleza, na binti akatafsiri kwa sauti iliyozidi kufifia, kwamba wateja walianza kuulizia viatu vyetu tangu saa tatu, na kwa kuwa alituona tukiingia kanisani hakutaka kutukatiza, kwa hivyo alituuzia yeye mwenyewe, na hakukata hata senti moja kwa kazi hiyo. Aliongeza kwamba alijitahidi sana kwenye bei. Shangazi akaketi kwenye ngazi. Nikamwambia binti amuulize kama wateja hao wanajulikana. Bibi akajibu kwamba wengine walikuwa wapita njia, wamekwishaondoka na magari yao.

Kilichofuata kilipaswa kuwa ni kilio, lakini Maalim alikuwa amekwishavaa miwani na kuanza kusoma hesabu kwa sauti. Makubadhi ya Maalim, euro 12, kwa sababu ni kazi ya mkono. Mkeka, euro 9. Viatu vya Shangazi vya rangi ya dhahabu, euro 8. Mabuti ya fundi, 6. Jozi mbili za ndugu wa fidla zilizofanana, zimeuzwa kwa pamoja, 5. Viatu vya mpiga kodiani, 3. Halafu akanyamaza, akaisogeza karatasi karibu na macho.

“Viatu vya mjuzi,” akasoma, “euro moja na nusu.”

Viatu vile nilivinunua soko la Darajani, Unguja, wiki moja kabla ya safari. Nilimtaka binti aulize, kwa adabu, ni vigezo gani vilivyotumika. Bibi akaeleza kwa huruma kwamba bei ya kwanza aliyoitaja ni euro nne, lakini mnunuzi hakuwa akitafuta viatu vya kuvaa, bali vya sanamu ya kutishia ndege katika miti yake ya cheri, na kwa shughuli hiyo, alisema, vilifaa. Fundi alilazimika kugeukia ukuta. Hata ndugu wa fidla, waliouzwa kwa jumla kama maandazi ya jana, walipata nguvu za kucheka. Kijana wa dumbaki peke yake ndiye hakucheka, kwani bibi alikuwa akimweleza kwamba raba zake alizishusha hadi senti 50, kisha akazitoa bure, na mtu mmoja alizinyanyua, akazinusa, akazirudisha.

Tuliuzunguka uwanja mzima tukiwa pekupeku kutafuta viatu vingine kwa fedha zetu wenyewe. Palikuwa na mabuti ya kuchezea kwenye theluji, ndara za watoto, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto cha askari, na mabuti ya mvua ya kijani ambayo mimi niliyanunua kwa euro 4, na hivyo kupata hasara ya wazi katika biashara ya siku ile. Yule bibi alipofahamu alichokitenda alitokwa na machozi, akakimbia nyumbani kwake akarudi na viatu vya mti vya marehemu baba yake, vile wanavyoviita sabots, akampa Maalim. Maalim alivigonga kwa kidole, akasema ni mitalawanda iliyozibwa mbele. Akavivaa akaingia kanisani kuvijaribu, na kwa kila hatua dari lilimjibu kwa hatua tatu, ikawa kama farasi wanne wanapanda ngazi.

“Haiwezekani,” akasema Shangazi. “Kanzu nyeupe na mabuti ya mvua, na huyu na farasi zake? Tutapanda pekupeku. Miguu ni yetu na ni misafi.”

Ilipofika saa kumi na moja kanisa lilikuwa limejaa. Meya wa kijiji alisimama kufungua, akaona nyayo kumi na nne nyeusi juu ya jiwe baridi (kijana alikuwa amevaa raba zake, kisha akazivua kwa aibu, kwa hivyo zikawa kumi na sita), akaguswa moyo. Alisema kwamba njia ya mahujaji waendao Santiago, kule Hispania, kwa miguu inapita nchi hii tangu karne nyingi, na kwamba wapo waliokuwa wakitembea pekupeku kwa toba, lakini hakutarajia kuona wageni kutoka Bahari ya Hindi wakiuheshimu ukumbusho huo kwa namna hii. Watu wakapiga makofi. Binti akatuinamia akauliza amjibu nini. Mimi nilikuwa tayari na jibu zuri sana. Maalim akanizuia kwa kiganja.

“Mwambie tumekuja kama tulivyo,” akasema, na hakuna mtu anayeweza kusema kwamba alidanganya.

Baridi ilipanda kutoka kwenye mawe, ikapenya nyayo, na kabla ya ubeti wa pili ilikuwa imefika magotini. Kanuni, ambayo daraja lake hukaa juu ya ngozi, ililegea kwa unyevunyevu, ikambidi Maalim azirudie nyuzi zake sabini na ushei, tatu tatu, huku watu wakisikiliza ule urekebishaji kwa makini kabisa, na alipomaliza wakampigia makofi. Shangazi aliimba polepole, jengo likaimba naye. Katika kituo kimoja cha ukimya njiwa mmoja alijibu kutoka juu, kisha akaongeza kitu kilichodondoka begani mwangu, juu ya koti jeusi. Sikujipangusa. Mama mwenye ufunguo, aliyekaa safu ya pili, alinitazama kwa jicho la mtu aliyelipwa haki yake.

Ndipo mtu mmoja wa mbele, mwanamume mrefu wa makamo, alipoinama polepole akavua viatu vyake naye, kwa heshima, akavipanga mbele ya kiti. Mkewe akafuata. Safu nzima ikafuata, kisha ya pili, na hadi wimbo wa tatu nusu ya kanisa ilikuwa pekupeku. Mimi nilikuwa katikati ya taksimu yangu, kile kipande ninachopiga peke yangu, macho chini, na nilichokiona karibu kinikatie uzi: mbele ya yule mwanamume, hatua mbili tu kutoka kwenye kanuni, yalikuwa makubadhi ya Maalim.

Maalim alikuwa amekwishayaona. Hakukosea hata sauti moja, lakini kuanzia hapo wimbo wote aliupigia makubadhi. Tulipofika kwenye kiitikio kijana wa dumbaki alimnong'oneza, kwa Kiswahili cha haraka ambacho hata binti wa Kingazija asingekishika: “Maalim, tukimaliza wee vaa tu, utoke. Giza linaingia.”

“Yameuzwa,” akajibu Maalim bila ya kugeuza shingo. “Thamani yake ninayo mfukoni.”

Baada ya makofi yule mwanamume aliyavaa, akaja moja kwa moja kwa Maalim, akamshika mkono. Alitaka kujua, kupitia kwa binti, kama kwa bahati mzee anafahamu viatu vya namna hii vinatoka wapi, maana alivipata asubuhi kwa euro 12 na hajawahi kuvaa kitu kilichomkaa vizuri vile. Sote tulishika pumzi. Maalim aliinama, akabonyeza ngozi ya kisigino kwa kidole gumba, akamgeuza yule bwana upande mmoja na wa pili kama fundi anayepima suti.

“Mwambie avipake mafuta ya nazi kila mwezi,” akasema. “Asivae kwenye mvua. Na kidole hiki cha kulia kitambana siku tatu za mwanzo, kisha kitazoea. Mimi kilinizoea.”

Binti alitafsiri yote isipokuwa sentensi ya mwisho.

Jumatatu asubuhi tulipelekwa uwanja wa ndege wa Toulouse, mimi na mabuti yangu ya kijani, Maalim na viatu vyake vya mti, na Shangazi na ndara alizopewa na mke wa meya. Kwenye ukaguzi askari mmoja kijana aliitazama miguu ya Maalim kwa mshangao, akatoa trei ya plastiki, akamwonyesha kwa mkono kwamba avue. Maalim hakuvua. Alisimama pale, mstari mrefu nyuma yake, akageuka taratibu kunitazama mimi.

“Mjuzi,” akasema, “na hapa pia ni nyumba ya ibada?”

Hakuviweka katika trei mpaka binti wa Kingazija, aliyekuja kutuaga, alipomwapia kutoka ng'ambo ya kamba kwamba upande wa pili wa ile mashine hapana meza ya kuuzia.